Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vya Mtwara na Lindi: mwanafunzi aitetee kazi yake

Kwa Wakuu wa Vyuo, Wakurugenzi wa Kampasi na Wakurugenzi wa Vituo vya Elimu ya Juu, Mikoa ya Mtwara na Lindi.

Nakala: Wasimamizi wa taaluma, wenyeviti wa kamati za mitihani na viongozi wa serikali za wanafunzi.

YAH: KANUNI ZA MATUMIZI YA AKILI MNEMBA KATIKA MASOMO YA CHUO

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja hapa Mtwara. Kazi yangu ni kumsaidia msomaji apate anachokitafuta, na katika miaka ya karibuni kazi hiyo imebadilika kwa namna ambayo nadhani haijafika vizuri mezani kwenu. Mwanafunzi huja kaunta na orodha ya marejeo iliyopangwa kwa ustadi: jina la mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mchapishaji, mpaka namba za kurasa. Natafuta kwenye katalogi yetu, natafuta kwenye hifadhidata za majarida, natafuta kwenye katalogi za maktaba kubwa za nje, na kitabu hakionekani. Hakijaazimwa wala hakijaibwa, hakijawahi kuandikwa. Mwandishi mara nyingi ni mtu halisi aliyeandika mambo ya karibu na hayo, lakini kitabu chenyewe ni cha kubuni. Mwanafunzi akiulizwa orodha ameitoa wapi, hujibu bila kusita kwamba amepewa na ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali kwa maandishi, na haoni kosa lake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza kwamba programu ile inaweza kufanya hivyo.

Siandiki kumshtaki mwanafunzi huyo. Naandika kwa sababu vyuo vyetu vimemwacha kati ya mambo matatu, na hakuna hata moja linalomfaa: kuna vyuo vilivyonyamaza kabisa, kuna vilivyopiga marufuku, na kuna vinavyotaka kununua programu ya kuwabaini wanaotumia. Ombi langu kwenu ni moja, na mengine yote nitakayoyasema yanatokana nalo. Kanuni zetu ziache kuuliza kama mwanafunzi ameigusa mashine. Ziulize kama anaweza kusimama mbele ya mwalimu wake na kuitetea kazi aliyoiwekea jina lake, sentensi kwa sentensi na chanzo kwa chanzo.

Ni vyema kwanza tuelewane juu ya jinsi programu hizi zinavyofanya kazi, maana nimehudhuria vikao ambamo zilizungumzwa kana kwamba ni ensaiklopidia zenye haraka. Katalogi ya maktaba ina rekodi. Ukiuliza kisichokuwemo, inakujibu kwamba hakimo. Programu ya lugha imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na unapoiuliza inakisia neno lipi lifuate yaliyotangulia, kisha lingine, kisha lingine. Ikiombwa marejeo kumi kuhusu ushirika wa korosho, hutunga mistari yenye sura ya marejeo, kwa kuwa sura hiyo imeiona mara nyingi. Siku hizi baadhi yake hutafuta kwenye intaneti kabla ya kujibu, na hapo makosa hupungua, lakini hayaishi, na anayetumia toleo la bure kwenye simu si rahisi ajue ni lini imetafuta na ni lini imetunga. Wala si wanafunzi peke yao walionaswa. Mwaka 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho huko New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hoja zilizotegemea hukumu za kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, hukumu zilizotungwa na ChatGPT. Ikiwa watu wenye leseni ya uwakili wamenaswa hivyo, mwaka wa kwanza aliyetoka kidato cha sita miezi michache iliyopita tunamtegemea ajilinde kwa nini, kama hatujamfundisha?

Nianze na marufuku, kwa kuwa ndiyo inayopendwa. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kimebandika tangazo kwamba mwanafunzi atakayebainika kutumia akili mnemba kwa namna yoyote ile atafutiwa matokeo. Simu inayosahihisha tahajia, programu inayotafsiri aya, injini ya utafutaji inayotanguliza muhtasari wake juu ya orodha ya tovuti, vyote hivyo vina akili mnemba ndani yake. Tangazo lile likifuatwa neno kwa neno hakuna atakayehitimu, na kwa kuwa kila mtu analijua hilo, hakuna anayelifuata. Kilichopatikana ni usiri. Wanafunzi wanaendelea kuuliza mashine usiku mabwenini, ila sasa hawawezi tena kumwendea mwalimu na kusema, mwalimu, nimepewa jibu hili, je, ni sahihi? Swali hilo ndilo tulilolihitaji kuliko yote, nalo tumeliziba wenyewe.

Wala tusijifanye kwamba udanganyifu ulianza tarehe 30 Novemba 2022, siku ChatGPT ilipotolewa kwa umma. Sote tunazifahamu steshenari zilizo jirani na mageti ya vyuo, ambako kwa miaka mingi ripoti ya utafiti iliweza kununuliwa ikiwa tayari, ikabadilishwa jina la kijiji na la mwanafunzi, ikafungwa kwa jalada gumu na kupelekwa kwa msimamizi, naye akaitia saini. Kilichobadilika ni bei. Zamani aliyeweza kununua ni yule aliyebakiwa na kitu kwenye boom lake, yaani fedha zake za mkopo za kujikimu. Leo bando la siku linatosha. Msimamizi aliyekuwa akisaini bila kumhoji mwanafunzi wake ndiye yule yule, na kanuni yoyote isiyomgusa yeye haitagusa kitu.

Kuhusu programu za kubaini maandishi ya mashine, naomba mnisikilize kwa makini zaidi kuliko mahali pengine popote katika barua hii, kwa sababu hapa tunaweza kumwumiza asiye na hatia. Programu hizo hupima, pamoja na mambo mengine, jinsi maneno ya mwandishi yanavyotabirika: sentensi za kawaida zenye msamiati wa kawaida huonekana kama kazi ya mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye programu saba za aina hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zilihukumiwa kuwa za mashine, ilhali insha za wanafunzi wa Kimarekani zilipita karibu zote. Julai mwaka huo huo, kampuni ya OpenAI, yenye ChatGPT yenyewe, iliondoa programu yake ya kubaini kwa maelezo kwamba usahihi wake ni mdogo. Mwezi uliofuata Chuo Kikuu cha Vanderbilt, nacho cha Marekani, kilizima kipengele cha kubaini kilichokuwa ndani ya Turnitin, mfumo wa kukagua wizi wa maandishi.

Sasa wafikirieni wanafunzi wetu. Kijana aliyezaliwa Newala amesema Kimakonde na bibi yake, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia alipoingia kidato cha kwanza. Kiingereza chake cha maandishi kina sentensi fupi, maneno ya kawaida na vifungu alivyovizoea kwenye vitabu vya kiada. Hicho ndicho hasa programu hizo hukitilia shaka. Namfahamu mwanafunzi wa chuo ambacho pia sitakitaja, aliyeambiwa kazi yake ni asilimia kadhaa ya mashine. Alirudi na kaunta buku lake, lenye rasimu zote kwa mwandiko wake, mistari iliyofutwa na mishale ya kuhamisha aya, akaambiwa kwamba utaratibu haumruhusu mtu kuleta rasimu. Asilimia iliyotolewa na programu isiyoweza kujieleza ilipewa uzito kuliko ushahidi wa karatasi uliokuwa mezani. Mnapokaa kwenye kamati za mitihani, ombi langu ni kwamba asilimia hizo zisitumike kamwe kuwa ushahidi wa kumwadhibu mtu. Zikitumika, ziwe sababu ya kumwita mwanafunzi azungumze, na mazungumzo hayo ndiyo yaamue.

Lakini jambo linalonitia hofu kuliko marejeo ya kubuni ni utafiti wa kubuni, na hapa nitakaa kidogo.

Kila mwaka tunapokea kwenye rafu zetu ripoti za mwaka wa tatu. Chukueni mfano wa mwanafunzi aliyepewa kuchunguza jinsi wakulima wa Tandahimba wanavyouona mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hupeleka mazao ghalani, hupewa risiti na kusubiri yauzwe. Mfumo huo ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2005, na hakuna mkulima asiye na la kusema juu yake: makato ya chama cha msingi, malipo yanayochelewa hadi watoto wanafungua shule, walanguzi wa kangomba wanaonunua kwa bei ya shida kabla ya msimu, na ule msimu wa 2018 ambapo serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Mambo hayo yamo vichwani mwa watu, na machache mno yameandikwa. Mwanafunzi mwenye daftari, nauli na subira angeweza kuyahifadhi, na ripoti yake, hata kama Kiingereza chake kingekuwa na makosa, ingekuwa mali ya mkoa huu.

Badala ya kupanda basi la Tandahimba, anaiambia mashine imtengenezee majibu ya hojaji ya wakulima mia moja. Inamtengenezea. Inampa umri wao, ukubwa wa mashamba yao, asilimia ya walioridhika na wasioridhika, hata maneno ya mzee mmoja yaliyowekwa kwenye alama za nukuu, mzee anayelalamika kwa ufasaha na busara. Mzee huyo hayupo. Kupika data ni jambo la zamani vyuoni kwetu, na aliyepika kwa mkono aliacha alama: majibu yaliyofanana mno, kalamu moja kwenye hojaji zote, takwimu zilizokuwa nyoofu kupita kiasi. Mashine hupika kwa kuchanganya vizuri, kiasi kwamba msimamizi anayesoma ripoti bila kumhoji aliyeileta hana njia ya kugundua. Ikishafungwa na kupewa namba, nikaiweka kwenye rafu, mwanafunzi wa mwakani ataikuta na kuinukuu kwa nia njema kabisa. Ripoti nyingine huwekwa mtandaoni, na huko programu za kesho zitajifunza kutoka kwake kwamba wakulima wa Tandahimba walisema hivi na hivi. Uongo utakuwa umeingia maktaba kwa mlango wa mbele, ukiwa na saini ya msimamizi.

Dawa yake, Waheshimiwa, haitoki kwenye kompyuta. Mwanafunzi aliyekwenda shambani hujulikana kwa maswali mepesi. Ulifikaje kijijini, na nani alikupeleka kwa mtendaji? Ni nani alikataa kuhojiwa, na kwa nini? Ni jibu gani lilipingana na ulivyotarajia? Umesema wengi wana mashamba ya kurithi. Ulipowauliza wajane, walisemaje? Dakika kumi na tano zinatosha. Aliyekwenda atasimulia mpaka msimamizi amkatishe, na ambaye hakwenda atarudia sentensi za ripoti yake. Pamoja na mahojiano hayo, daftari la shambani likabidhiwe likiwa na mwandiko wa mwanafunzi, na barua yenye mhuri wa mtendaji wa kijiji iambatishwe (najua mihuri nayo huchongwa, lakini kuchonga mhuri ni kazi kubwa kuliko kubonyeza simu).

Mtaniambia kwamba walimu ni wachache na madarasa yamejaa. Ni kweli, nami siombi kila kazi ya darasani ihojiwe. Ripoti za mwaka wa mwisho zihojiwe zote bila kusaza, kwa kuwa ndizo zinazobaki. Kwa kazi ndogo ndogo za muhula, mwalimu apige kura, aite wanafunzi wachache kwa kila kazi, awahoji kwa muda mfupi, na alama za kazi hiyo zitegemee mahojiano hayo kwa sehemu inayoonekana. Asiyejua kama jina lake litatoka atajiandaa kana kwamba litatoka. Na kama mtaniruhusu kwenda mbali zaidi, mahojiano hayo yaruhusiwe kufanyika kwa Kiswahili. Kinachopimwa pale ni kama mtu ameielewa kazi yake. Kiingereza chake kimeshapimwa kwenye karatasi. Wapo wanafunzi wanaoonekana wazito kwa lugha moja, na ukiwauliza kwa lugha nyingine wanakufundisha wewe.

Kuna sababu nyingine ya kuwatuma wanafunzi nje ya simu zao. Programu hizi zimefunzwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza, na maandishi yanayohusu kusini mwa Tanzania ni sehemu ndogo mno ya yaliyomo. Kadiri swali linavyokaribia nyumbani ndivyo jibu linavyopwaya. Iulizeni kwa Kiingereza kuhusu mapinduzi ya Ufaransa, kisha iulizeni kwa Kiswahili jinsi Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilivyopiganwa upande wa Liwale, mlinganishe. Jibu la pili litakuwa na ujasiri ule ule wa jibu la kwanza, lakini nyama yake ni kidogo na pengine majina yamechanganywa. Mwalimu anayetoa swali la jumla, lile lile kila mwaka, anaipa mashine kazi inayoiweza. Anayemtuma mwanafunzi wa historia Mikindani alichunguze boma la Wajerumani na kuwauliza wenyeji wanavyolisimulia, au wa kilimo aende kituo cha utafiti cha Naliendele na kisha kwa mkulima jirani, alinganishe yanayoelekezwa kuhusu kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na yanayofanyika shambani, anaomba kitu ambacho mashine haina. Akitaka, mwanafunzi huyo aitumie kupanga aya zake. Maudhui yatakuwa yake.

Sipendi barua hii isomeke kama malalamiko matupu, maana nimeona pia faida, na nitakuwa mwongo nikizificha. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria aliyeko Liwale au Nanyumbu, anayefundisha shule ya msingi mchana na kusoma usiku, hana wa kumwuliza saa nne za usiku anapokwama kwenye takwimu. Programu humweleza dhana ile ile kwa njia tatu tofauti bila kuchoka na bila kumcheka. Wapo wanaoitumia kwa namna ambayo ningependa wote waijue: wanasoma sura ya kitabu kwanza, wanafunga kitabu, kisha wanaiagiza iwaulize maswali badala ya kuwajibu, na wanapokosea wanarudi kwenye kitabu. Wengine huipa aya waliyoiandika wenyewe na kuiuliza ni wapi haieleweki na kwa nini, huku wakiikataza kuiandika upya. Hayo ni masomo halisi. Mwanafunzi anayefanya hivyo kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula ananifurahisha kuliko anayekariri noti za mwenzake wa mwaka juzi.

Ugumu uko kwenye mpaka, na mpaka huo hauwezi kuwekwa kwa tangazo moja la chuo kizima, kwa sababu unahama kutoka somo hadi somo. Katika kozi ya uandishi wa Kiingereza, kumpa mtu au mashine akusahihishie sentensi ni kukimbia kile kile ulichokuja kujifunza. Katika kozi ya afya ya mimea, kusahihishiwa sentensi ni msaada wa kawaida, ilhali kuiomba mashine itambue ugonjwa kwenye picha ya jani ndiko kukimbia. Katika kozi ya kompyuta, inaweza kuruhusiwa kuandika sehemu ya programu, mradi mwanafunzi aeleze kila mstari. Kwa hiyo naomba kila mwalimu aandike kwenye muhtasari wa kozi yake, kwa lugha nyepesi, nini kinaruhusiwa, nini hakiruhusiwi, na sababu yake. Sababu ni muhimu. Mwanafunzi akielewa kwamba amekatazwa kwa kuwa ujuzi huo huo ndio atakaodaiwa akiwa peke yake darasani mbele ya watoto wa kidato cha pili, atatii zaidi kuliko akitishwa.

Sambamba na hilo, kila kazi iwe na tamko fupi mwishoni: programu gani imetumika, kwa ajili gani, katika sehemu ipi, na mwanafunzi ameihakiki vipi. Asiyetumia aandike hivyo. Anayetangaza matumizi yaliyoruhusiwa asipunguziwe hata alama moja kwa kutangaza, maana siku tutakapomwadhibu msema kweli mmoja, matamko yote ya mwaka huo yatakuwa uongo. Adhabu ibaki kwa mambo mawili ambayo hayakuhitaji akili mnemba ili yawe makosa: kudai kazi isiyo yako, na kubuni ushahidi.

Lipo pia jambo la kisheria ambalo sijalisikia likizungumzwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wanafunzi wetu wa ualimu wakiwa kwenye mafunzo kwa vitendo hupakia orodha za majina na alama za watoto wa watu kwenye programu hizi ili zipangwe. Wa afya huweza kuandika habari za wagonjwa. Watafiti hupakia sauti za mahojiano zenye majina ya wakulima na namba zao za simu. Taarifa hizo huenda kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi, chini ya masharti ambayo hakuna aliyeyasoma, na aliyehojiwa hakuombwa ridhaa kwa ajili hiyo. Mwongozo wa UNESCO kuhusu akili mnemba katika elimu na utafiti, uliotolewa Septemba 2023, umetilia mkazo ulinzi wa faragha. Sisi tunaweza kuanza na kanuni ya mstari mmoja: jina, namba ya simu, habari za ugonjwa na alama za mtu mwingine zisiingizwe kwenye programu hizo kabisa.

Juu ya usawa nitasema machache. Toleo la kulipia la ChatGPT lilianza mwaka 2023 kwa dola 20 kwa mwezi, na hakuna haja ya kueleza kiasi hicho kina uzito gani kwa anayeishi kwa mkopo wa Bodi. Mwezi Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na siku chache baadaye nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikapata hitilafu, nchi nzima ikataabika. Kwa hiyo mwalimu asimlazimishe mwanafunzi kutumia programu hizi kama sharti la kazi, na pale anapoona ni lazima, chuo kitenge kompyuta zenye intaneti maktaba na kuziwekea muda wa zamu.

Na walimu, je? Wapo wanaotungiwa maswali ya mtihani na mashine, na wapo wanaoitumia kuandika maoni kwenye kazi za wanafunzi. Wanafunzi hutambua haraka, kwa sababu maoni yale humsifu kila mtu kwa maneno yale yale. Sioni sababu ya mwalimu kutodaiwa tamko tunalomdai mwanafunzi, na alama ya mwisho iwe ya binadamu aliyeisoma kazi kwa macho yake.

Naomba basi, kabla mwaka mpya wa masomo haujafunguliwa, kila chuo kiitishe kikao kimoja cha kamati ya taaluma, wakiwemo wawakilishi wa wanafunzi na mkutubi, kiandike kanuni fupi ya kurasa mbili itakayoanza na mahojiano ya ripoti za mwaka wa tatu. Tusisubiri mwongozo kutoka juu ili tuanze. Ukija, tutairekebisha kanuni yetu iendane nao. Kwa upande wa maktaba, tuko tayari kufundisha kila darasa la mwaka wa kwanza, kwa saa mbili, namna ya kuhakiki rejeo: kulitafuta kwenye katalogi, kulifungua, kusoma ukurasa unaodaiwa kunukuliwa, na kulifuta lisipoonekana. Tunachohitaji kutoka kwenu ni nafasi kwenye ratiba ya wiki ya kwanza na idhini ya maandishi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkutubi,
Mtwara.